Asilimia Nne Iliyokuwa Saba na Nusu: Kwenye Mkopo wa Gari, Soma Ukurasa wa Charji

Jirani yangu alikuja kwangu Jumapili baada ya kanisa na mkataba wa mkopo wa logbuku, yaani ule ambao gari yako ndiyo dhamana, kurasa kumi na moja, maandishi madogo kama yale ya kikaratasi cha ndani ya pakiti ya dawa, akataka nimwambie kitu kimoja tu: hiyo riba ni kubwa ama ni ya kawaida. Nikamwambia, "Mama," riba tutaipiga hesabu hapa hapa kwa simu, dakika tano imeisha, lakini nipe kwanza ule ukurasa wa charji. Hakuwa ameusoma. Mimi pia wangu sikuusoma, nilikuja kuujua vizuri nikiwa nimesimama nje ya geti la yadi ya gari zilizokamatwa, gari yangu ikiwa ndani.

Wacha nianze na riba manake watu wote huanzia hapo. Machi 2021 mamangu alihitaji operesheni na mimi nilikuwa na gari, Fielder, ambayo nilikuwa nimemaliza kuilipia, hivyo nikaenda kwa kampuni moja hapa Nakuru inayokopesha kwa logbuku. Nikaomba 600,000 kwa miezi 24. Ofisa akaniambia, "Madam, riba yetu ni asilimia nne tu kwa mwezi." Nne ilionekana ndogo. Kila mwezi 49,000. Sasa angalia hiyo 49,000 imetoka wapi: 600,000 ukigawa kwa 24 ni 25,000, halafu asilimia 4 ya 600,000 ni 24,000, jumla 49,000. Tatizo liko kwa hiyo 24,000, kwa sababu mwezi wa kwanza ninadaiwa 600,000 kweli, lakini mwezi wa ishirini nadaiwa sehemu ndogo sana na bado natozwa 24,000 ile ile kana kwamba sijawahi kurudisha hata shilingi. Hiyo ndiyo watu wa mikopo wanaita flati. Ingekuwa asilimia 4 hiyo hiyo lakini ya redyusing, yaani riba inahesabiwa kwa salio lililobaki, ningelipa karibu 39,350 kwa mwezi. Tofauti ni zaidi ya 9,600 kila mwezi, na kwa miaka miwili ni kama 231,000. Neno moja tu, flati, lina bei hiyo.

Na sikupata 600,000. Kwa akaunti iliingia 538,000. Processing 30,000, traka (kile kifaa cha kuonyesha gari iko wapi) 20,000, valuesheni 5,000, kuandikisha logbuku kwa majina mawili 7,000, zote zilikatwa juu kwa juu kabla sijaona pesa, lakini riba inahesabiwa kwa 600,000. Ukichukua 538,000 niliyopokea kweli na 49,000 nilizolipa kila mwezi kisha ukatafuta riba halisi ni ngapi, inakuja karibu asilimia 7.5 kwa mwezi. Wakati huo riba ya msingi ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa asilimia 7 kwa mwaka mzima. Mimi nilikuwa nalipa zaidi ya hiyo kila siku thelathini, na mdomoni ikiitwa nne.

Kuna watu wataniambia mbona hukuenda sacco. Sacco nyingi zinatoza kama asilimia 1 kwa mwezi kwa redyusing, kwa hesabu hiyo 600,000 yangu ingekuwa karibu 28,200 kwa mwezi. Ni kweli, lakini sacco inataka uwe umeweka akiba, na inataka wadhamini, na mgonjwa akiwa kitandani hospitalini hangoji wadhamini wajaze fomu. Kampuni za logbuku zinajua hilo, zinauza haraka, na haraka ina bei yake. Mimi sina ugomvi na mtu kuuza haraka. Pia najua wako wakopaji wanaong'oa traka usiku na kupeleka gari mpaka kijijini kuificha, na mkopeshaji lazima ajikinge. Ninachokataa ni bei kufichwa ndani ya neno.

Lakini riba hiyo, kubwa ilivyokuwa, niliimudu. Miezi kumi na tatu nililipa kwa siku yake bila shida. Kilichonitoa gari mikononi ni kitu kingine.

Mei 2022 nilichelewa siku kumi na moja. Duka lilikuwa limelala, nikasubiri mteja mmoja anilipe, akanilipa, siku hiyo hiyo nikatuma 49,000 kamili kwa paybill yao. Mimi nikajua yameisha. Kumbe kwa steitimenti yao, ambayo sikuwa nimeiona maana hawaitumi mpaka uombe, zilikuwa zimeingia mistari minne: penalti 2,450, barua ya dimandi 2,500, "fild vizit" 3,500, na kuwasha traka 1,500. Jumla 9,950. Barua sikuwahi kuipata. Aliyenitembelea sijui alitembelea nyumba gani.

Sasa hapa ndipo nataka tuende polepole maana hapa ndipo gari za watu zinapotelea. Ile 49,000 niliyotuma, wao hawakuiweka kwa instolmenti. Mkataba wao ulikuwa na sentensi moja, ukurasa wa nane, inasema malipo yoyote yatalipa kwanza gharama, kisha penalti, kisha riba, mwisho ndiyo prinsipo, yaani ile pesa yenyewe uliyokopa. Kwa hivyo pesa yangu ikameza kwanza 9,950 ya charji, ikabaki 39,050 ya instolmenti, na mimi nikaonekana nimelipa pungufu ya 9,950. Juni nikalipa 49,000 siku yake kabisa. Lakini kwa mashine yao bado nina deni la nyuma, hivyo nikapigwa asilimia 5 ya hilo deni na "fild vizit" nyingine ya 3,500, na pesa yangu ikaanza tena kulipa charji kwanza. Deni la nyuma likawa 13,947. Julai 18,144. Agosti, mwezi wa uchaguzi, 22,552. Unaona jinsi inavyopanda? Sijaruka mwezi hata mmoja, nalipa 49,000 ile ile, risiti za M-Pesa ninazo zote kwa simu, na kila mwezi nazidi kuzama. Kufika Novemba ilikuwa 37,140.

Novemba hiyo gari ilichukuliwa nje ya soko asubuhi nikiwa ndani nanunua mboga. Kufikia hapo nilikuwa nimewalipa 980,000 kwa mkopo ulioniletea 538,000 mkononi.

Kwa yadi niliambiwa nilete 106,140. Ile 37,140, dalali aliyeikamata 45,000, breakdown (gari la kuvuta gari) 15,000, na kulaza gari 1,000 kwa siku kwa siku tisa, manake ilinichukua siku tisa kutafuta hiyo pesa. Wakati nangoja gate pass nikaanza kuongea na soja wa geti, mzee wa makamo, nikamuuliza gari yangu ilishushwa vizuri kutoka kwa breakdown ama iligongwa. Akaniangalia. "Breakdown gani mama? Hii gari iliingia ikiendeshwa, mimi ndiye nilifungua geti. Hata iko kwa kitabu." Akanionyesha kile kitabu cha kuingia, kile cheusi kikubwa chenye mgongo mwekundu, na kwenye laini ya gari yangu kulikuwa na jina la dereva, saa, na kilomita zilizosomwa kwa dashibodi. Nikapiga picha na simu. Hiyo picha ndiyo iliyobadilisha kila kitu baadaye, si wakili, si kelele nilizopiga pale ofisini.

Sasa nizungumzie sheria, kwa sababu ukipiga tu hadithi yako kwa grupu ya WhatsApp utajibiwa neno moja: in duplum. Kila mtu anaijua siku hizi. Ni kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilianza kutumika Mei 2007, na kinasema mkopo ukishakuwa mbovu, riba anayoweza kukudai mkopeshaji isizidi prinsipo uliyokuwa unadaiwa siku ule mkopo ulipokuwa mbovu. Ni kinga nzuri sana, nami naiheshimu. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ilisema hata HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, inabanwa nayo, na wale waliosoma kwa mkopo wa HELB wakaona madeni yamefika mara nne tano wanajua maana yake.

Lakini soma vizuri uone inamlinda nani. Mkopo unahesabiwa mbovu ukikaa siku 90 bila kulipwa inavyotakiwa. Mimi gari ilichukuliwa kwa deni la nyuma la 37,140, riba haijakaribia kujizidisha popote. Mtu wa mkopo wa logbuku wa miezi kumi na nane au ishirini na nne huwa amenyang'anywa gari mapema sana kabla in duplum haijaamka. Tena kifungu chenyewe kimelenga taasisi za Sheria ya Benki, na kampuni nyingi za logbuku si benki. Na hata pale kinapofanya kazi, kina mlango wa nyuma: mkopeshaji anaruhusiwa prinsipo, riba yenye kikomo, na gharama za kufuatilia deni. Hiyo gharama haina kikomo pale. Kwa hiyo ukiwa mkopeshaji na riba imefungwa, utatoza nini? Utatoza vizit, utatoza traka, utatoza yadi. Mimi naamini kabisa ndiyo sababu mistari ya charji imekuwa mirefu kuliko mistari ya riba kwa steitimenti za siku hizi.

Tulishajaribu kufunga riba nchi hii. Septemba 2016 benki zikaambiwa zisizidi asilimia nne juu ya riba ya Benki Kuu, ikaenda hadi Novemba 2019 ikafutwa. Watu walifurahia mwanzoni, halafu benki zikakataa kukopesha mtu mdogo kwa kuona hatari ni kubwa kuliko riba iliyoruhusiwa, na mtu mdogo akaenda wapi? Akaenda kwa logbuku na kwa simu, ambako hakukuwa na kikomo. Ndiyo maana mimi siungi mkono sana hii ngoma ya kufunga riba. Fungeni charji. Mkopo wa gari ukiwa na riba kubwa lakini charji safi, mtu anajua anachobeba na anaweza kuamua. Ukiwa na charji chafu hata riba ya asilimia moja itakupokonya gari.

Kilichonisaidia mimi ni sheria ambazo hazisemwi kwa grupu. Ya kwanza ni ile ya 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, ambayo ndiyo inayosimamia logbuku siku hizi. Inataka mkopeshaji akupe notisi ya maandishi kwamba umekosa na ulipe kiasi gani, na gari ikiuzwa kwa mnada pesa inayozidi deni ni yako, lazima irudi kwako. Wengi wanaacha gari iende na hawaulizi iliuzwa bei gani. Uliza, kwa maandishi. Ya pili ni kanuni za madalali. Ada ya dalali haitolewi kichwani, iko kwa jedwali la hizo kanuni, na mkibishana unaweza kuomba ikaguliwe na mahakama au bodi inayotoa leseni zao. Nilipomwandikia dalali kwamba nitaomba ada yake ikaguliwe, ile 45,000 ilishuka yenyewe ikawa 28,000 kabla hata sijafika kwa karani wa korti.

Wale wa benki nao wana kinga yao ambayo sisi hatukuwa nayo. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu, kwa kesi ya Stanbic na Santowels, ilisema benki haiwezi kupandisha riba bila idhini ya waziri kama kifungu cha 44 kinavyotaka. Ukiwa na mkopo wa gari wa benki na riba ilipanda katikati wakakutumia SMS tu, hiyo kesi mwonyeshe wakili wako. Na riba ya Benki Kuu imeshuka, ilikuwa asilimia 13 mapema 2024, Agosti 2025 ikawa 9.5, kwa hiyo kama mkopo wako ni wa riba inayopanda na kushuka na yako haijashuka hata kidogo, una haki ya kuuliza kwa nini. Wa flati hana la kuuliza hapo, yake ilikufa siku alipotia sahihi.

Mtu akiniuliza sasa afanye nini akiona charji asizozielewa, namwambia kwanza asiache kulipa. Hasira inakuambia usilipe mpaka wakueleze, lakini ukiacha kulipa unawapa kosa la kweli badala ya lile la kutunga. Lipa instolmenti yako siku yake, na kila ukilipa tuma imeli ya mistari miwili: hii 49,000 ni ya instolmenti ya mwezi huu, charji hizi na hizi nazipinga na naomba msizikate hapa. Mkataba unaweza kuwa unawapa ruhusa ya kukata wanavyotaka, sawa, lakini imeli hiyo inaweka tarehe. Siku mtu wa tatu akisoma hiyo faili ataona ulipinga tangu mwanzo, si baada ya gari kuvutwa.

Halafu omba steitimenti nzima, si salio. Salio ni namba moja, haisemi kitu. Steitimenti ina mistari, na kila mstari unauombea karatasi. Fild vizit, nani alikuja, tarehe gani, fomu ya vizit iko wapi. Barua ya dimandi, nionyeshe kopi. Breakdown, risiti ya kampuni ya breakdown. Bima, maana nyingine ndiyo hii, bima kubwa ikiisha wanairinyu kwa kampuni wanayoitaka wao kwa bei yao na kuibandika kwa mkopo, uliza kwa nini hukuulizwa wewe kwanza. Usiandike kwa ukali. Andika kama mtu anayetaka kulipa anachodaiwa kihalali, kwa sababu ndivyo ulivyo.

Na kama gari tayari iko yadi na unaihitaji kwa kazi, lipa uitoe, ila uandike kwenye barua wapige muhuri kwamba unalipa ili upate gari na hukubali hizo charji. Mimi niliandika hiyo sentensi kwa kalamu juu ya kopi ya invoisi, ofisa akakataa kuipokea, nikaipiga picha nikatuma kwa imeli yao nikiwa bado nimekaa kwa kiti cha ofisi yao. Baada ya hapo kuna Korti ya Madai Madogo, inapokea madai mpaka milioni moja, inatakiwa imalize ndani ya siku sitini na huhitaji wakili. Pesa uliyotozwa bila haki unaweza kuidai pale.

Mimi sikufika huko. Barua tatu na ile picha ya kitabu cha geti, wiki saba. Walifuta breakdown yote, wakafuta vizit tano kati ya saba kwa sababu hazikuwa na fomu yoyote, hiyo ni 32,500, na ile 17,000 iliyoshuka kwa dalali nikarudishiwa. Jumla 49,500. Ni instolmenti nzima na mia tano juu. Fikiria ni watu wangapi hawakupata kuongea na yule mzee wa geti.

Mwisho wa 2024 bunge lilipitisha sheria inayoziweka chini ya Benki Kuu hata kampuni zinazokopesha bila kupokea amana, ambapo mwanzo ilikuwa zaidi wale wa mikopo ya simu. Ni hatua kubwa na nimeifurahia kwa dhati. Lakini leseni peke yake haitoshi. Benki Kuu iseme wazi pesa ya mteja inalipa nini kwanza, na instolmenti iwe mbele ya charji inayopingwa. Iseme charji yoyote ya kufuatilia deni bila karatasi haipo. Na ipige marufuku kutaja flati bila kutaja kando yake riba halisi pamoja na makato yote, kwa maandishi makubwa sawa. Benki zetu zimekuwa na kikokotoo cha gharama yote ya mkopo kwa mtandao tangu 2017, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hesabu hiyo ni ngumu.

Jirani yangu hakutia sahihi Jumapili ile. Tulikaa kwa meza tukaandika maswali manne kwa karatasi ya daftari ya mtoto: riba halisi ni ngapi baada ya makato, nikimaliza mapema nasamehewa riba iliyobaki au la, kila charji itakuja na karatasi gani, na pesa yangu italipa nini kwanza. Jumatatu akaenda nayo ofisini kwao. Ofisa alimjibu matatu. La nne alisema, "Mama, hiyo lazima niulize hedi ofisi." Imepita siku tisa na bado hajampigia.